Pesa Zinaingia Simu ya Nani?

Ukumbi ulikuwa wa hoteli moja ya Thika, viti vya plastiki vimevishwa vitambaa vyeupe na utepe wa zambarau kwa nyuma, kama arusi. Nilikuwa nimeahidiwa elfu tatu niandike ripoti ya mafunzo ya siku hiyo, kwa hivyo nilikaa nyuma kabisa, karibu na soketi. Walioalikwa walikuwa makarani, masupavaiza wa viwanda, vijana wawili wa benki, na mama mmoja wa stoo aliyekuja na mfuko wa sukumawiki kwa sababu alikuwa amepitia soko la Madaraka kwanza. Mkufunzi alikuwa kijana wa rika langu, suti ya buluu imembana, saa inawaka kila akiinua mkono. Baada ya nusu saa hivi alifika pale nilipojua atafika.

"Akili mnemba haitakunyang'anya kazi," akasema, akanyamaza kidogo ili tusubiri. "Atakayekunyang'anya kazi ni mtu anayejua kuitumia."

Makofi. Yule mama wa stoo aliiandika sentensi kwenye kijitabu chake na kuipigia mstari mara mbili.

Sentensi hiyo imezunguka dunia nzima tangu 2023. Nimeisikia redioni ndani ya matatu, nimeiona kwenye bango la chuo, na mimi mwenyewe nimeiandika mara nne au tano kwenye makala za wateja, kwa sababu mteja akitaka sukari unamwekea sukari. Inapendwa kwa kuwa inasikika kama onyo la rafiki. Lakini itazame vizuri. Ndani yake kuna mashine, kuna wewe, na kuna jirani yako anayekuja kukupora. Mwenye mashine hayumo. Aliyeinunua, aliyeamua ikae wapi, aliyepiga hesabu ya mishahara itakayopungua, huyo ametoka ukumbini kimyakimya na kutuacha tukitazamana kwa macho mabaya.

Mimi ni mzaliwa wa Thika na ninaishi Ruiru, na katikati ya miji hii miwili sijakutana na mfanyakazi anayeogopa mashine. Mama mboga wa hapa kwetu alikuwa na namba ya kulipia kabla kanisa letu halijawa nayo. Soja wa geti la ploti anaingiza namba za vitambulisho kwenye tableti usiku kucha, na ikikwama anajua mahali pa kuipiga kofi. Wa boda anaendesha kwa mkono mmoja huku kidole cha ule mwingine kinakataa safari yenye nauli ya dharau. Hakuna aliyewafanyia warsha. Kwa hivyo mtu akisimama mbele ya viti vyenye utepe na kuniambia shida ya wafanyakazi ni kuogopa mabadiliko, namuuliza: wafanyakazi gani?

Nianze na tata yangu, dada mdogo wa mama. Amefanya kazi miaka kumi na minne katika kiwanda kimoja cha Thika kinachopakia unga wa uji. Nasema miaka kumi na minne, lakini kwenye karatasi hakuna kitu kama hicho. Kwenye karatasi yeye ni kibarua, anaajiriwa asubuhi na kuachiliwa jioni, na kila baada ya miezi michache anaambiwa apumzike wiki mbili halafu arudi, ili asije akahesabiwa kuwa ni wa kudumu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, huyo si kibarua tena, ahesabiwe kama mtu wa mshahara wa mwezi. Ndiyo maana ya zile wiki mbili. Watu wa ofisini wanakijua hicho kifungu kuliko tata anavyokijua.

Mashine mpya ilikuja mwezi wa saba, wakati wa ile baridi ya Thika ambayo watu wa nje hawaamini kwamba ipo. Ilikuwa inapima unga, inajaza pakiti na kuufunga mdomo, yote peke yake. Fundi aliyekuja nayo kutoka nje aliiwasha, na kwa wiki nzima pakiti zikawa zinapasuka asubuhi na kutulia mchana. Alifungua, akafunga, akapiga simu kwao. Tata ndiye aliyemwambia. Mikono yake ilikuwa imeshika ule unga kwa zaidi ya mwongo mmoja: alijua asubuhi ya baridi unashika unyevu, unajikusanya na kushuka kwa mabonge, na alijua roli za nailoni zilikuwa zimewekwa kwenye simiti karibu na mlango, zinakuwa ngumu usiku. Wakahamisha roli. Wakaanza kuchekecha unga kabla ya kuumimina. Mashine ikatulia.

Kwa wiki sita yeye na wenzake walisimama kando ya ule mtambo wakidaka makosa yake. Walijifunza sauti yake ikiwa sawa na ikiwa karibu kukwama. Walipomaliza walikuwa wanaujua kuliko supavaiza. Malipo yalikuwa yaleyale ya kutwa, na hakuna aliyeandika popote kwamba wanawake hawa walikuwa wakifundisha mashine. Kwenye laini walikuwa ishirini na wawili. Walibaki watano.

Waliotolewa hawakuandikiwa barua. Getini kuna mashine nyingine, ya kidole: unaweka kidole, taa inakuwa ya kijani, unaingia. Jumatatu moja tata aliweka kidole, taa ikawa nyekundu. Akakipangusa kwenye leso, akarudia. Nyekundu. Siku ya pili akanawa mikono kwa sabuni nyumbani, akafika mapema kabla ya foleni. Siku ya tatu soja, kijana mwenye heshima zake, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mathee, si kidole."

Sasa niambie tata yangu alishindwa wapi kukabiliana na teknolojia.

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 40, inasema mwajiri akitaka kupunguza watu lazima atoe notisi ya mwezi, amjulishe afisa wa leba, na alipe angalau siku kumi na tano za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Piga hiyo hesabu kwa miaka kumi na minne. Halafu kumbuka kwamba taa nyekundu haina haja ya notisi. Tena kifungu hicho kinasema anayechagua wa kutoka aangalie muda ambao mtu amefanya kazi, na ujuzi wake, uwezo wake na uaminifu wake. Ujuzi! Ujuzi wa tata ulikuwa mikononi hadi mwezi wa saba. Kufikia mwezi wa tisa ulikuwa ndani ya mashine, na mashine si yake.

Narudi kidogo ukumbini, maana yule mama wa stoo aliuliza swali. Aliinua mkono kama mwanafunzi. "Na hii tutajifunza saa ngapi?" Kazini anaingia saa moja asubuhi, anatoka saa kumi na moja, nyumbani ana mjukuu. Mkufunzi akatabasamu, akasema ni suala la vipaumbele, kwamba saa moja tu ya jioni badala ya kutazama tamthilia inaweza kubadilisha maisha. Bando za nani, hakusema. Laptopu ya nani, hakusema. Watu wakacheka kwa ile tamthilia, mama akaketi, kipindi cha maswali kikaisha tukaenda kula.

Katika ripoti niliandika kwamba washiriki walishiriki kikamilifu. Elfu tatu zililipwa baada ya wiki mbili.

Jioni hiyo nilipanda gari kurudi Ruiru. Thika Road ndiyo darasa nililosomea jambo hili, kwa sababu makanga wa barabara hii waliwahi kushutumiwa na nchi nzima kwamba wanakataa teknolojia, na walikuwa wanaikataa kweli, na walikuwa sahihi.

Mnaokumbuka, 2013 Google na benki ya Equity walileta kadi ya nauli iliyoitwa BebaPay. Mwaka uliofuata serikali ikaagiza matatu zote ziache pesa taslimu, abiria walipe kwa kadi. Nilikuwa shule ya msingi bado. Nakumbuka makanga wa 237 wakiwa na kile kifaa kimening'inia shingoni kama kitambulisho cha mgeni, na hakuna aliyekitumia. Tarehe ya mwisho ikasogezwa, ikasogezwa tena. Kufikia 2015 BebaPay ilikuwa imefungwa, na ile amri ikafa kifo cha amri nyingi za Kenya: haikufutwa, watu waliacha tu kuitaja.

Maelezo yaliyotolewa wakati ule yalikuwa mawili. Kwamba matatu ni genge la watu wasiopenda utaratibu, na kwamba abiria hawakuwa tayari. Kuna ukweli kidogo katika yote mawili, sikatai. Kadi zilikuwa za kampuni tofauti, na hii haikusomwa na kifaa cha ile. Lakini kaa na makanga mmoja steji ya Ruiru akiwa anasubiri gari lijae, muulize kazi yake inaendaje, utaona shida ilikuwa wapi. Asubuhi dereva na makanga wanapewa gari. Jioni mwenye gari anataka hesabu yake, kiasi kilichokubaliwa, mvua inyeshe isinyeshe. Kutoka kwenye kinachoingia wanatoa mafuta, ada ya steji, kitu kidogo cha kamagera aliyeita abiria, na kile kitu kingine cha barabarani ambacho hakina risiti. Kinachobaki baada ya hesabu ndicho mshahara wao, na wanagawana siku hiyohiyo.

Kadi ilikuwa inakuja kuvunja hayo yote kwa mpigo mmoja. Nauli ingeingia moja kwa moja kwenye akaunti, na akaunti si ya makanga. Angelipwa baadaye, na mwingine, kwa kiwango ambacho hakuna aliyekaa naye chini kukipanga. Serikali ilizungumza na benki, na kampuni za kadi, na vyama vya wenye magari. Aliyesimama mlangoni mkono nje hakuulizwa. Kwa hivyo alifanya kile ambacho mfanyakazi asiyeulizwa anaweza kufanya: kifaa kikawa "kimeisha chaji" kila siku kwa mwaka mzima.

Na baadaye? Makanga hao hao, ambao tuliambiwa hawawezi teknolojia, walihamia kwenye simu bila amri ya mtu. Machi 2020, korona ilipoingia, Safaricom ikaondoa ada za kutuma chini ya shilingi elfu moja, na mwaka huohuo ikaja Pochi la Biashara. Leo ukipanda gari la Thika bila noti mfukoni huna hata haja ya kuomba radhi. Makanga anakariri namba yake kama shairi, anajua kwa kutupia jicho ujumbe ni wa kweli au ni ule wa jana uliobadilishwa tarehe, na anajua nani katikati ya watu kumi na wanne hajatuma. Hakuna mfumo wa kampuni ninaoujua unaofanya uhasibu huo kwa kasi hiyo huku umening'inia mlangoni mwa gari.

Mtu yuleyule, barabara ileile, na wazo lilelile la kulipa bila pesa mkononi. Tofauti ni kwamba safari ya kwanza pesa zilikuwa zinaingia kwa mwingine, na safari ya pili zinaingia simu yake. Hapo ndipo hoja yangu yote ilipo, na ukinibana sana sina nyingine. Mnapima kama watu wanajua kubonyeza. Wao wanatazama pesa zinaangukia wapi baada ya kubonyeza.

Najua mwenye gari naye ana kesi yake. Kuna makanga wanaomla mwenye gari mpaka mfupa. Mjomba wangu alikuwa na gari moja la viti kumi na vinne, na lilimfilisi. Lakini angalau kati yake na makanga wake kulikuwa na ugomvi wa wazi, kila jioni, kuhusu nani anabaki na nini. Kwenye mafunzo ya utepe wa zambarau ugomvi huo haupo kabisa. Umevishwa kitambaa cheupe.

Sasa niseme na yangu, maana mnaweza kudhani nawasemea watu wengine kutoka juu ya mti.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa sababu, ila si peke yake. Nilikuwa tayari napata pesa kwa kuwaandikia wanafunzi wa nchi nyingine insha zao. Tulikuwa wengi. Kutoka Kahawa hadi Juja, kila ploti ilikuwa na chumba chenye mapazia yaliyofungwa mchana na watu wanne wakiandika kuhusu uuguzi wa wazee huko Marekani. Sisi tulipanga Wataalam, mtaa wa Ruiru ambao jina lake lilitufurahisha sana. Ndiyo, ilikuwa kuwasaidia watu kudanganya walimu wao. Sitaipamba. Nilikuwa naandika insha za chuo nikiwa nimekosa ada ya chuo, na nilikuwa naziandika vizuri.

Ukurasa mmoja ulikuwa shilingi mia tatu na hamsini. Novemba 2022 ChatGPT ikatoka. Kufikia Aprili kazi zilikuwa nusu, kufikia Agosti tuliobaki kwenye kile chumba tulikuwa wawili. Kule ng'ambo, Mei 2023, kampuni ya Chegg, inayouza majibu ya masomo, ilikiri kwamba wanafunzi wanahamia ChatGPT, na hisa zake zikaanguka karibu nusu kwa siku moja. Siku hiyo nilisoma habari hiyo kama mtu anayesoma tanzia ya jirani tajiri.

Sikugoma. Nilifanya kile yule mkufunzi anachohubiri. Nilijifunza mashine. Nilijifunza jinsi ya kuiuliza, jinsi ya kuikatalia, mahali inapopenda kutunga vitabu ambavyo havipo. Kazi zikarudi, ila zilikuwa zimegeuka. Mteja sasa alikuwa ananiletea insha iliyoandikwa na mashine, nami kazi yangu ni kuifanya isomeke kama ya mtu. Mia moja na ishirini kwa ukurasa. Nilikuwa mwandishi, nikawa mtu wa kufuta alama za vidole.

Halafu zikaja programu za kukagua, zile zinazodai kujua maandishi ya mashine. Nikaandika ukurasa kwa mkono wangu mwenyewe, kila neno, mteja akaupitisha kwenye programu yake, akanirudishia kwa hasira: asilimia themanini ni mashine. Hakulipa. Nilidhani ni mimi peke yangu. Lakini mwaka huohuo wa 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, walizoandika wenyewe kwa mtihani wa TOEFL, wakazipitisha kwenye programu saba za aina hiyo. Kwa wastani zaidi ya nusu zilihukumiwa kuwa za mashine. Na OpenAI yenyewe, walioizaa ChatGPT, waliiondoa programu yao ya ukaguzi Julai 2023 kwa kuwa haikuwa sahihi vya kutosha. Mteja wangu hakuwa na habari hizo, na hata angekuwa nazo, nani angemlazimisha anilipe? Mimi ndiye niliyepaswa kubadilika: nikaanza kuandika vibaya kidogo kwa makusudi, makosa mawili kwa ukurasa, ili nionekane binadamu.

Mwenzangu tuliyebaki naye alifanya akili zaidi yangu. Alisema, kama mashine inakuja, afadhali niwe upande wa wanaoifundisha. Akajisajili kwenye jukwaa moja la kuweka alama kwenye picha na kupima majibu. Alifaulu mitihani yao, mingine aliirudia usiku wa manane kwa sababu ndipo mtandao unapokuwa na nguvu kwetu. Mitihani hiyo hailipwi, niiseme hiyo. Alikuwa anapata vizuri, akanunua godoro na meko ya gesi. Asubuhi moja akaunti ikafungwa. Barua pepe ya mistari mitatu, hakuna namba ya kupiga.

Hakuwa peke yake katika balaa la namna hiyo. Machi 2024 Remotasks, jukwaa la kampuni ya Marekani ya Scale AI, liliwafungia watumiaji wa Kenya, nchi nzima kwa mkupuo. Mwaka mmoja kabla, jarida la TIME lilikuwa limefichua kwamba wafanyakazi wa Sama jijini Nairobi, waliosoma uchafu wa kila aina ili ChatGPT ijue kuuepuka, walikuwa wakipokea chini ya dola 2 kwa saa, huku OpenAI ikiilipa kampuni hiyo dola 12.50 kwa saa kwa kazi hiyo. Hawa ndio Wakenya waliobadilika kuliko wote. Hawakujifunza kuitumia akili mnemba tu, waliijenga. Kama ile sentensi ya mkufunzi ingekuwa na ukweli wowote, wao ndio wangekuwa wa mwisho duniani kukosa kazi.

Utaniambia: basi unataka tuchome mashine. Mei 2023 huko Kericho watu waliandamana, mashine za kuchuma majani chai zikachomwa, na magazeti yakawaita wahuni. Hayakuhangaika sana kuandika kwamba chama cha wafanyakazi wa mashamba kiligoma juu ya mashine hizohizo mwaka 2010, miaka kumi na mitatu nyuma. Watu walisema kwa mdomo muda mrefu kabla ya kusema kwa kiberiti. Sisifu moto, mtu anaweza kufa katika mambo hayo, na chai yenyewe haina kosa. Lakini simkubalii mtu anayeona moshi tu.

Na mimi mashine sizichukii. Unga wa ile mashine ya Thika unafika dukani ukiwa safi, na mgongo wa tata ulikuwa umeanza kuharibika kwa kuinama. Kama angebaki na nusu ya siku zake za kazi kwa pesa zilezile, angeibariki. Ninachotaka ni kidogo na ni cha kawaida kabisa. Saa za kujifunza mashine ziwe saa za kazi, zilipwe. Bando zilipwe na anayetaka nijifunze. Atakayeifundisha mashine, kama tata alivyoifundisha, aandikwe, na alipwe kama mwalimu. Kabla ya mtambo kuwekwa, walio kwenye laini waulizwe, tena na mtu mwenye mamlaka ya kusema "basi tuache". Na taa nyekundu isiwe barua ya kufuta kazi. Kifungu cha 40 kipo. Afisa wa leba apite getini asubuhi, saa kumi na mbili unusu, asimame kwenye foleni ya vidole aone.

Wanaosema hayo ni ndoto wakumbuke kwamba Siku ya Wafanyakazi 2023, hapo Nairobi, zaidi ya watu mia moja na hamsini wanaosafisha Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana hotelini na kupiga kura ya kuunda chama chao. Hoteli, viti, pengine hata vitambaa vyeupe. Ila safari hii waliokaa kwenye viti ndio walioitisha mkutano.

Sasa ile jioni ya kurudi Ruiru. Gari lilikuwa jipya, taa za buluu ndani, ngoma juu. Ubavuni, juu ya dirisha la pili, kulikuwa na kibandiko kipya cha namba ya till, kubwa, rangi ya kijani, na chini yake maneno: lipa hapa tu. Mwenye gari alikuwa ameamka. Tulipopita Juja makanga akaanza kukusanya. Alikuwa ametundika koti lake kwenye ndoano ya dirisha hilohilo, na mkono wa koti ulikuwa umefunika tarakimu tatu za mwisho.

Msichana mmoja mbele yangu akainua shingo kusoma. "Till ni ngapi? Sioni vizuri."

"Hiyo iko na shida leo, mresh. Tuma kwa hii," akasema makanga, na kuikariri namba yake taratibu, mara mbili.

Msichana akalitazama koti, akamtazama yeye. Gari zima likawa limesikia. Mzee aliyekuwa na gazeti akakohoa. Makanga hakusogea, alibaki ameshika chuma cha juu, jicho kwenye simu yake, akisubiri iite.

Nikatoa yangu nikaandika namba aliyoitaja. Likatokea jina la mwanamke.

"Ni mama watoto," akasema kabla sijauliza. Nikabonyeza tuma.